Kaimu wa Dada Mwandiko

Katika ofisi ya vizazi na vifo, ghorofa ya pili, ndani ya chumba chenye madirisha mawili, moja halifunguki na jingine halifungiki, alikuwamo mwanamke aliyeandika watu. Ndivyo alivyojibu kila alipoulizwa kazi yake: naandika watu. Mtoto akizaliwa, jina lake lilikuwa uvumi tu mpaka lipite chini ya kalamu yake. Mtu akifa, alikuwa bado hajafa sawasawa mpaka aandikwe. Mashine ya kuchapa vyeti ilikuwa imeletwa miaka tisa nyuma. Ilitolewa kwenye sanduku, ikapigwa picha, ikagundulika haikuja na wino wake, ikafunikwa kitambaa. Tangu hapo vyeti vyote viliendelea kuandikwa kwa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa mmoja.

Mwandiko wake ulikuwa wa kutazamwa. Watu walivitia vyeti vyao kwenye fremu na kuvitundika sebuleni. Bwana mmoja alisema cheti cha kifo cha baba yake kilipendeza kuliko kitu chochote baba huyo alichowahi kumiliki. Wenzake ofisini wakambandika jina la Dada Mwandiko, na baada ya muda hata Mkuu wa ofisi, aliyekuwa na faili la mwanamke huyo kabatini kwake, akawa halikumbuki jina lingine.

Fomu ya likizo ya ofisi ile ina sehemu tano. Sehemu ya nne inauliza: Jina la atakayekaimu nafasi yako. Miaka kumi na mitano iliyopita mtu wa kwanza aliandika hapo jina la Dada Mwandiko, naye, kwa kuwa alikuwa mgeni kazini na hakutaka kuonekana ana makuu, akakubali. Mtu wa pili akaona kumbe jina lile linapita bila maswali. Wa tatu hakufikiri kabisa. Ikawa desturi, na desturi ni kama moshi, humwoni wa kumshika. Mwaka mmoja, mwezi wa sita, alikaimu watu sita kwa mpigo. Alimkaimu mtunza stoo, akajiombea karatasi na kujinyima. Alimkaimu dereva, ingawa hajui kuendesha. Kila asubuhi alishuka akakaa nyuma ya usukani nusu saa, ili gari lisionekane limetelekezwa. Alimkaimu Mkuu mwenyewe, na kwa mamlaka hayo akajiandikia barua ya onyo kwa kuchelewesha vyeti, kisha akarudi mezani kwake akaijibu kwa unyenyekevu mkubwa, akiahidi halitatokea tena. Barua zote mbili zimo kwenye faili. Mwandiko ni mmoja.

Yeye hakuwahi kwenda likizo. Hakuna aliyemkataza. Kila mwaka alijiambia acha kwanza foleni ipungue, na foleni ya watu wanaozaliwa na kufa, kama mtu yeyote angetulia kidogo na kufikiri, si ya kupungua.

Uchovu wa namna ile haumwangushi mtu. Ungemwangusha, angalau wangekuja kumwinua. Unamla kimyakimya, kama mchwa anavyokula mlango na kuuachia rangi yake. Mume wake, fundi wa friji, alianza kuamka alfajiri na kumkuta anaandika kwa kidole mgongoni mwake.

"Leo umeniandika nani?" aliuliza.

"Sijui. Nilikuwa nimelala."

"Basi naomba usinipige muhuri."

Walicheka, lakini kicheko cha mke kilikuwa kimetoka mdomoni tu. Alikuwa amefika mahali pa kumwita bintiye kwa majina manne kabla ya kulipata lake. Kijiko kilichoachwa kwenye sinki kilimliza. Harusi ya mdogo wake haikumliza wala kumchekesha. Alikaa pale akihesabu wageni kama watu wanaosubiri kuhudumiwa.

Kisha ikaja siku ya yule mama kijana. Alisimama mbele ya meza na karatasi ya hospitali mkononi, na Dada Mwandiko, macho yakiwa kwenye daftari, akasema kama alivyosema mara elfu: "Hongera sana. Ni wa ngapi?"

Mama yule aliisogeza karatasi mezani. "Amefariki, dada," akasema kwa upole, kama anayemrekebisha mtoto.

"Pole," akasema Dada Mwandiko, akafunga daftari la vizazi, akafungua la vifo. Hakuhisi kitu. Alitafuta ndani yake kitu cha kuumia, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi, asipate. Saa nane mchana, katikati ya jina la mtu mwingine kabisa, mkono wake ulisimama. Haukuuma wala kutetemeka, uligoma tu. Aliuangalia. Alijaribu kuusukuma kwa mkono wa kushoto, kalamu ikachora mstari mpaka nje ya karatasi.

Daktari aliukunja ule mkono, akaukunjua, akaugongagonga.

"Mkono hauna ugonjwa," alisema. "Mwenye mkono ndiye mgonjwa. Kazini kwenu mnapumzika?"

"Wenzangu wanapumzika."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye ninayewapumzisha."

Daktari alivua miwani. "Sikiliza, mama. Siku thelathini usishike kalamu. Hata orodha ya sokoni usiandike. Ukiulazimisha, utakuzira, na mkono ukishazira mimi sina dawa ya kuubembeleza. Umenielewa?"

Alielewa. Mkono ule ndio uliomtoa kijijini kwao, ndio uliomsomesha bintiye, ndio kitu pekee ambacho watu walikuwa wamewahi kumsifia. Aliufunga kwenye mtandio, akarudi ofisini kuomba likizo, fomu akajaziwa na karani wa mapokezi, mtu wa makamo aliyeitwa Redio kwa sababu aliwaka asubuhi na kuzimwa jioni.

Redio aliandika akienda anasoma kwa sauti. Alipofika sehemu ya nne akanyamaza, jambo lililowashtua watu waliokuwa benchini.

"Nani atakukaimu, Dada?"

"Wewe."

"Mimi? Na mwandiko huu? Watu watadhani marehemu kajiandikia mwenyewe."

Dada Mwandiko alimwendea mtunza stoo, aliyeinua mikono juu kama aliyeshikiwa bunduki. Alimwendea dereva. Dereva alifikiri kwa dhati. "Dada, likizo yangu inaanza Jumatatu na nimekuandika wewe. Sasa mimi nikishika nafasi yako, na wewe umeshika yangu, si itakuwa wewe umejishika mwenyewe?"

Mwishowe fomu ilipelekwa kwa Mkuu, mtu mpole mwenye tai moja, aliyependa mambo yaishe.

"Fomu ambayo sehemu ya nne haijajazwa haipiti," alisema. "Tusivunje utaratibu. Tuangalie rekodi. Nani kati yetu ana uzoefu wa kukaimu?" Alifungua faili, akapitisha kidole. "Miaka kumi na mitano, ni mtu mmoja tu." Akalijaza jina kwa furaha ya mtu aliyepata ufumbuzi. "Hongera. Umepata likizo ya siku thelathini. Nenda kapumzike, sitaki kukuona hapa."

"Asante, Mkuu."

"Na kaimu wako aripoti Jumatatu, saa mbili kamili."

"Mkuu, kaimu wangu ni mimi."

"Ndiyo maana sina wasiwasi naye."

Jioni alimsimulia mume wake. Fundi alikuwa amekaa sakafuni, friji ya jirani imelala mbele yake, mgongo wazi. Alisikiliza mpaka mwisho, bisibisi mdomoni.

"Kwa hiyo Jumatatu unakwenda kazini au huendi?"

"Mimi siendi. Anakwenda kaimu."

"Chakula cha mchana nimpakie nani?"

"Usinitanie. Mkono wangu huu."

Fundi aliitoa ile bisibisi. "Sikutanii. Mimi nikiitwa kumshikia kazi fundi mwenzangu, unajua nafanya nini? Nakwenda, nasalimia, nakaa. Gesi siigusi. Nikiigusa ikavuja, ni yangu. Namwambia mwenye friji: mwenyewe atakuja. Mgeni hana kosa, mke wangu, mradi asiguse kitu."

Jumatatu alifika saa mbili kamili. Redio alisimama, akampa mkono wa kushoto kwa heshima ya mtandio. "Karibu sana! Wewe ndiye kaimu? Mbona mnafanana na mwenyewe?"

"Watu husema."

Redio alidhani ni mzaha wa asubuhi moja. Lakini Mkuu alitoka ofisini kwake akiwa amevaa koti, kwa kuwa mtumishi mpya hupokelewa kwa koti. Akamtembeza. Akamwonyesha kabati la madaftari, akamwonyesha dirisha lisilofungiki na kumweleza namna ya kulizuia kwa rejista ya mwaka wa zamani, akampeleka hadi kwenye ufunguo wa choo uliofungwa kwenye kipande cha ubao ili usiibwe.

"Mwenye meza hii," Mkuu alisema akiigonga kwa vidole, "ni mtu wa ajabu. Jitahidi uifikie hata nusu yake. Alikaa hapa mpaka saa moja jioni, kila siku."

"Aliambiwa akae?"

"Alipenda."

"Alisema anapenda?"

Mkuu alifikiri. "Hakusema hapendi."

"Na sasa kapatwa na nini?"

"Amechoka tu. Tulishangaa wote. Mtu hodari vile."

Dada Mwandiko alikaa kwenye kiti chake, ambacho hakikuwa chake. Alikuwa amesikia sifa zake kama anayesikia wasifu wake ukisomwa kaburini, na yeye yuko mstari wa nyuma, hawezi kupaza sauti akasema jamani, bado. Kitu kidogo kilimwasha kifuani. Ilikuwa hasira. Aliifurahia, maana ilikuwa muda mrefu hajawashwa na chochote.

Saa mbili na robo watu kumi na tisa walikuwa benchini. Mkuu akamsogezea daftari.

"Barua yangu ya kukaimu iko wapi?" aliuliza.

"Barua gani?"

"Kanuni zinasema kaimu haandiki kwenye Daftari Kuu bila barua ya idhini. Ziko ukutani pale, nyuma ya kalenda."

Walisogeza kalenda. Ilikuwapo kweli, karatasi ya njano, imechapwa zamani kabla wote hawajaajiriwa. Mkuu aliisoma mara mbili. "Lakini yule mwenyewe alikaimu miaka yote hii na hakuomba barua."

"Yule yuko likizo," alisema. "Mimi ni mgeni, naogopa."

Mkuu hakuwa mtu wa kuvunja kanuni ambayo ameshaisoma. Barua ikabidi iandikwe. Barua zote za ofisi ile, kwa miaka kumi na mitano, zilikuwa zikiandikwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa likizo. Mkuu akachukua kalamu mwenyewe. Kwa miaka yote hiyo hakuwa ameandika kitu zaidi ya saini yake na jina kwenye fomu. Alijifungia, akatoka saa sita na ukurasa wenye salamu tu, vidole vimekakamaa, akisema rasimu ya kwanza siku zote ndiyo ngumu.

Hivyo ndivyo kaimu alivyokaa, mikono mapajani, siku baada ya siku, akingoja barua. Redio akaandika vyeti huku ulimi umetoka pembeni. Mtunza stoo akaitwa asaidie. Hata Mkuu, kati ya rasimu na rasimu, alishika zamu ya alasiri. Wananchi walilalamika.

"Hili ni jina la mwanangu au ni ramani ya kuja hapa?" alihoji baba mmoja.

"Soma taratibu, mzee, utaliona," alimjibu Redio, jasho likimtoka. "Hiyo ya katikati ndiyo pua yake."

Siku ya tano wino wa muhuri ukapotea. Mkuu alihangaika kabati kwa kabati, kisha akachukua simu, akabonyeza namba. Mkoba uliokuwa chini ya meza, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama, ukaanza kuita. Wote waliusikia. Kaimu alitazama dirishani. Simu ikaita mpaka ikachoka.

"Hapokei," alisema Mkuu.

"Yuko likizo," alisema kaimu.

"Kweli kabisa. Si vizuri kumsumbua." Akakunakuna shingo. "Lakini wewe mnafahamiana. Ukimwona, mwulize wino aliuweka wapi."

"Nikimwona."

Saa tisa na nusu kengele ya kutoka ililia, na kaimu akaondoka, kwa kuwa kaimu hana alichoanza hata akimalize. Wiki ya kwanza alifika nyumbani akazunguka vyumba kama anayetafuta kitu alichokiacha dukani. Wiki ya pili alilala mchana, akaamka na alama ya mto shavuni. Alimenya machungwa kwa ule mkono, akamsuka bintiye, akaukuta mkono una akili nyingine ambazo hakuwahi kuziulizia. Mgongo wa fundi ukabaki mtupu. "Siku hizi siandikwi," alilalamika. "Nimefutwa kwenye daftari?"

Wiki ya tatu alikuja mzee mmoja kuandikisha kifo cha mkewe. Redio alikuwa na watu wanne mbele yake, kaimu hakuwa na kazi, basi akamvutia mzee kiti. Mzee akazungumza. Akasema mkewe alibishana naye miaka arobaini na moja kuhusu upande wa kitanda, kichwa kielekee mlangoni au dirishani, na sasa kwa kuwa ameshinda yeye mzee, hawezi kulala. Dada Mwandiko alicheka, kicheko kikamgeukia njiani, akajikuta analia kwa kwikwi mbele ya benchi zima, mzee akimpigapiga bega: "Nyamaza, mama, nyamaza, hata hukumjua." Alilia kwa ajili ya mke wa mzee, na ya yule mama kijana, na ya wengine aliowaandika vizuri bila kuwatazama. Mkuu akachungulia mlangoni, akaona kaimu analia kazini, akarudi ndani kuongeza jambo kwenye rasimu.

Cheti kilipotoka, mzee aliyaangalia sana yale makucha ya kuku ya Redio. "Hata mke wangu hakuwa na mwandiko," alisema, akakikunja.

Barua ya idhini ilikamilika siku ya ishirini na tisa. Ilikuwa na mistari sita na ilikuwa nzuri kiasi. Siku ya thelathini Mkuu alimwita kaimu pembeni.

"Nitakuwa mkweli," alisema. "Kama binadamu sina ubaya na wewe. Lakini kikazi, hukutufaa. Hukuandika hata herufi. Kesho mwenyewe anarudi, na nashukuru."

"Nitamfikishia."

Kesho yake mwenyewe alirudi, bila mtandio. Hapakuwa na koti wala kutembezwa. Mezani palikuwa na vyeti mia mbili na kumi vilivyokuwa vikimsubiri, kwa kuwa Redio na wenzake walikuwa wameandika vile ambavyo watu walikaa wakavingoja, na vingine vyote wakavitunza kwa upendo. Juu ya rundo kulikuwa na fomu tatu za likizo, ya mtunza stoo, ya Redio na ya Mkuu. Sehemu ya nne zilikuwa zimeshajazwa, kwa mwandiko wa aina tatu, jina moja.

Alikaa. Alivuta cheti cha kwanza, akafungua kalamu, na kwa muda chumba kizima kilikuwa kidogo kama ncha ile. Aliogopa. Kisha akaandika herufi moja. Ilisimama. Akaandika ya pili, ya tatu, jina likakaa kwenye mstari wake kama mtu aliyefika kwake na kuvua viatu. Redio, aliyekuwa ameinama begani kwake, alishusha pumzi. "Alhamdulillahi," alisema. "Tumepona."

"Mimi nimepona," alisema Dada Mwandiko. "Wewe keti."

Akachukua zile fomu tatu, akampelekea Mkuu.

"Mkuu, huyu mliyemwandika hapa ana kazi yake moja. Mtafute mwingine."

"Lakini ndiyo desturi."

"Mimi nitakaimu zamu moja kwa mwaka, ya mtu mmoja, kama wenzangu. Na kwa barua."

Mkuu alizitazama fomu kama mtu aliyepewa watoto watatu wa jirani. "Sasa mimi anikaimu nani?"

"Redio."

"Redio! Mwandiko ule?"

"Sehemu ya nne haiulizi mwandiko."

Mkuu alitafuta kanuni kichwani, asiipate. Alikuwa na uso wa mtu ambaye ametoka nje asubuhi akakuta nyumba yake imegeukia upande mwingine.

Siku ile Dada Mwandiko aliandika vyeti ishirini na nane. Zamani angeandika sitini. Kwa kila kimoja alimtazama mwenyewe usoni kwanza, akauliza, akangoja jibu. Waliopaswa kupongezwa aliwapongeza. Saa tisa na nusu kengele ililia, akaifunika kalamu. Benchini walikuwa wamebaki watu saba, na rundo bado lilikuwa juu ya mia na themanini.

Mkuu alitoka mbio, daftari kwapani, kalamu mkononi. "Dada, subiri, hawa saba tu. Wametoka mbali."

Ilikuwa kweli, walikuwa wametoka mbali. Mama mmoja alikuwa amevua viatu kwa sababu ya miguu kuvimba. Dada Mwandiko alimwona. Mkuu alinyoosha kalamu, na mkono wa kulia wa Dada, kabla hajaamua lolote, ukanyanyuka wenyewe kuipokea, mtiifu kama ulivyokuwa siku zote. Aliutazama ukienda. Ilimbidi aushike kwa mkono wa kushoto, aushushe, autie ndani ya mkoba na kuushikilia humo.

"Andika wewe, Mkuu," alisema. "Barua yako ya juzi ilisomeka."

"Nitachelewa kutoka!"

"Anza na yule mama wa miguu. Mwulize jina la mtoto, na umtazame akikwambia."

Mkuu alikaa. Aliuliza. Dada Mwandiko alisimama mlangoni mpaka akasikia kalamu ikikwaruza, polepole, ikisimama, ikikwaruza tena, na yule mama akisema hapana, Mkuu, hiyo herufi ni moja, siyo mbili, naam, hivyo hivyo. Mkono ulikuwa bado mkobani, umekunja ngumi, unataka kwenda kusaidia. Akashuka nao ngazi.